Joto la Kwapani

Mahundi aliingia maabara akihema kwa mwendo kutoka hospitali, kasha mkononi, akakichomoa kwapani kichupa cha damu ya mkewe, Tunu, na kukiweka mezani kwa heshima. Wodi ya mahututi ilibakiwa na kitanda kimoja tu, na kipimo cha asidi ndicho kingeonyesha maambukizi ya damu yamemlemea kiasi gani.

"Hukupewa barafu, baba?" mpimaji alimuuliza.

"Imo kashani, mama. Tunu anatetemeka tangu alfajiri. Niliona ni ukatili kuilaza damu yake kwenye barafu."

Mpimaji alishusha pumzi. "Damu ikipata joto, asidi huongezeka humo humo chupani. Nikiipima hii, itaonyesha hali mbaya kuliko aliyo nayo."

"Basi ipime hivyo hivyo, apate kitanda."

"Yupo mwingine anayekingojea kitanda hicho. Sitampa mkeo kwa kipimo cha uongo. Rudi, wamtoe damu nyingine."

Mahundi alilibeba kasha akashika njia ya kurudi hospitali, vipande vya barafu vikigongana ndani, vingali vizima, na kwapa lake lingali na joto.