Mfuniko Namba Kumi na Nne

Mgeni aliweka kisigino katikati ya mfuniko wa chuma kwenye kona ya daraja, akaanza kutembea polepole kuelekea kijijini, midomo ikimchezacheza. Alikuwa akihesabu hatua.

Ottmar Krennrich, aliyekuwa nyuma ya gari lake la kazi, alimwona. Akaacha kufagia.

Watu wa Niederhollen, kijiji cha Ujerumani Magharibi, walimjua Ottmar kama mfanyakazi wa barabara, fundi wa kuziba mashimo na kufagia majani. Kumbe alikuwa mwanajeshi. Chini ya mfuniko ule kulikuwa na shimo la kina cha mita sita. Siku ambayo vifaru vya Warusi vingevuka mpaka, kilomita tisa tu kutoka hapo, baruti ingeteremshwa humo na barabara ingevunjwa mbele yao. Kwa Ottmar shimo hilo lilikuwa ndilo komeo la mlango wa kijiji, na kila Jumapili kanisani alimwomba Mungu alilinde. Adui akilijua, angeliharibu kabla ya vita kuanza, na asubuhi yake vifaru vingekuwa vimeegeshwa mbele ya shule.

Mwaka uliopita, kati ya mashimo yote aliyoyatunza, aliagizwa apanue hilo moja tu, namba kumi na nne. Hakuambiwa sababu. Naye hakuuliza, katika kazi yake watu hawakuulizana.

Alimfuata mgeni kwa mbali, akifagia mahali pasipo na taka. Mgeni aliingia kwenye duka la mkate, akatoka, akaandika kitu kwenye kijitabu, akaendelea na hatua zake kuelekea shuleni.

Bi Walburga, mwenye duka, alikuwa amesimama mlangoni na unga mpaka kwenye viwiko.

"Leo barabara itang'aa kama sahani, Ottmar. Kuna bibi harusi anapita?"

Ottmar alimuuliza yule bwana mgeni alikuwa ametaka nini dukani. Bi Walburga akamwambia kwamba amejitambulisha kuwa muuza vyerehani, akanunua mikate miwili, kisha akauliza shule ina watoto wangapi, na wakati wa vuli upepo unavuma kutoka wapi.

"Nikamwambia magharibi. Lakini hebu niambie, muuza vyerehani upepo anautakia nini?"

Ottmar aliomba simu, akapiga ofisini kwake mjini Fulda. Karani alimjibu kwamba mkubwa yuko kikaoni, atarudi saa nane. Ilikuwa bado saa sita haijagonga. Kufika saa nane mtu huyo angekuwa ameshavuka upande wa pili wa mpaka, na namba kumi na nne iko mfukoni mwake.

Alirudi kwenye gari mbio, akachukua mtaimbo wa kuinulia mifuniko.

Alimkuta mgeni makaburini, nyuma ya kanisa, akipima kwa macho umbali wa kurudi darajani. Hapakuwa na mtu mwingine. Ottmar alisema Salamu Maria moja kimoyomoyo, akasimama kwenye njia pekee ya kutokea. Hakuwahi kumpiga mtu tangu azaliwe.

"Weka mkoba chini," alisema. "Na mikono niione."

Mgeni alitazama mtaimbo, akatazama uso wa Ottmar. Aliuweka mkoba chini kwa utulivu, akaomba ruhusa ya kutoa kitambulisho. Ottmar alikipokea kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa na muhuri uleule wa kitambulisho chake mwenyewe. Kapteni. Jeshi lao wenyewe.

"Wewe ndiwe Krennrich," alisema kapteni. "Taarifa zako nimezisoma. Lile shimo umelipanua vizuri sana."

Mtaimbo ulishuka wenyewe. Ottmar aliegemea msalaba wa kaburi la mtu kwa furaha. Alimwomba radhi, akamwambia kwamba nusura ampasue kichwa, na kapteni akajibu kwamba angemwandikia sifa nzuri hata hivyo. Wakacheka wote wawili. Kisha Ottmar akauliza, kwa kutaka tu kujua, mbona anapima huku kote wakati baruti itavunja barabara tu, na labda vioo vya Bi Walburga.

Kapteni aliacha kucheka.

"Hawakukuambia? Kwenye namba kumi na nne haishuki baruti. Kinashuka kitu kimoja tu, cha Wamarekani, watu wawili wanakibeba. Ni bomu la atomiki."

Alifungua ramani, akaitandaza juu ya kaburi. Kitovu cha duara la penseli nyekundu kilikuwa darajani, na mstari wake ulipita nje ya duka la mkate, nje ya shule, nje ya pale walipokuwa wamesimama. Ndani yake kila nyumba ilikuwa imeandikwa namba ndogo, isipokuwa moja, ya Ottmar mwenyewe.

Kapteni alilamba ncha ya penseli.

"Nyumbani kwako mko wangapi?"