Seli ya Mwisho ya Tusekile

Siku hizi mtoto akifariki, hospitali huwapa wazazi seli chache za moyo wake, zikiwa hai ndani ya kisahani cha kioo, pamoja na hadubini ambayo mwanga wake hurekebishwa kwa amri ya sauti. Sekela aliiweka hadubini ya binti yake, Tusekile, jikoni karibu na dirisha. Kila asubuhi aliuamuru mwanga upungue, ujikunje, uzipitie seli kwa pembeni tu, kwa kuwa mwanga unaozionyesha ndio huohuo unaozichosha na kuziua. Hata hivyo zilikufa moja baada ya nyingine, ikabaki moja tu ikidunda.

Mumewe, Ambakisye, hakuwahi kuchungulia tangu mazishi. Jumapili moja baada ya ibada akavuta kiti.

“Mama Tusa, leo nionyeshe mwanangu.”

Kisukari kilikuwa kimemfifisha macho. Kwa mwanga hafifu asingeona kitu. Sekela alitaka kumwambia angoje. Kisha akaona jinsi mumewe alivyokuwa akikisogeza kiti karibu zaidi na hadubini, akaiamuru hadubini iwashe mwanga wote.

Ambakisye aliinama. “Anadunda!” alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. “Kumbe mwanangu yupo!”

Alitazama kwa muda, halafu akauliza, “Mbona ametulia?”

“Amelala,” Sekela alijibu, mkono wake ukiwa mgongoni mwa mumewe.

“Basi tusimwamshe. Kesho nitamtazama tena.”

“Haya, Baba Tusa,” akasema, akauzima mwanga.