Hoja ya Kumruhusu Spika

Mheshimiwa Spika aligonga meza kwa mwiko, na mwenye nyumba akakaa kitako.

"Mheshimiwa Hamdun, bado hujapewa nafasi."

"Samahani, Mheshimiwa," Hamdun akajibu, punje ya wali ikiwa imemganda kidevuni.

Hivyo ndivyo nyumba hii ya Malaz ilivyoendeshwa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tangu Rosebellah alipokuja Riyadh kufanya kazi za ndani. Kwao Kenya alipika chai katika bunge la kaunti miaka sita, na kanuni zote za kikao zikamwingia kichwani pamoja na mvuke wa birika. Mwezi wake wa kwanza tu, watoto walipogombania rimoti, aliwafundisha kutoa hoja na kupiga kura. Wazazi walicheka. Kisha nao wakajiunga.

Chama cha Zulia kilikuwa na wajumbe watatu, watoto wa nyumba: Faris, Anas na Nada. Chama cha Kochi kilikuwa na wawili, Hamdun na mkewe Huda. Bibi Mwanamize, mama yake Hamdun, alikataa kote kote.

"Vyama ndivyo vilivyotutoa Unguja," alisema, akabaki mjumbe huru.

Spika, Rosebellah mwenyewe, hakuwa na kura.

Leo hoja ilikuwa moja, na Nada, mwenye miaka tisa, alishindwa kula kwa ajili yake. Mwakilishi wa wadi ya akina Rosebellah alikuwa amefariki. Vyama viwili vya bunge lile vilibaki na viti kumi na tano kwa kumi na tano, na kile kiti kimoja ndicho kingeamua nani ana wengi. Chama kimojawapo kilimtaka Rosebellah agombee. Dada yake, Magdaline, alipiga simu kila siku: tiketi iko tayari, mabango yamechapishwa, arudi kabla ya mwezi kwisha. Na mkataba wake hapa ulikuwa umebakiza miezi minane.

"Mie ndiye kafili wake, mdhamini wa mkataba," Hamdun alisema alipopewa nafasi. "Natia saini saa hii, aende zake akawe mheshimiwa wa kweli. Kura za nini?"

"Hapana, baba." Rosebellah alitikisa kichwa taratibu. "Nikitoka kwa mlango wa nyuma, nitakuwa kiongozi wa aina gani? Nyumba iamue."

Hamdun alimtazama mkewe kama mtu aliyeguswa moyo.

"Basi na wifi yangu apige kura," Huda akasema, akiinua simu. "Huyu hapa, anasema ndiyo."

"Aliye Jeddah hayumo ukumbini, madam. Kanuni ni kanuni."

Wifi akakatiwa simu.

"Akiondoka nani atapika?" Faris aliuliza. "Mama anajua mayai tu."

"We Faris!"

"Nidhamu!" Mwiko ukalia.

"Mwacheni mtoto wa watu aende," Bibi Mwanamize alisema. "Huyu ana mdomo wa kutawala. Anapotea bure kwenye masufuria."

Anas akainua mkono. "Dada, kwani huko bungeni kukoje?"

"Ah, kuzuri. Viti vinazunguka." Spika alifikiri kidogo. "Kuna mmoja aliuza shamba la babake ndio akipate hicho kiti. Mwaka haujaisha, alikuwa anajificha chooni kila akisikia sauti ya mpiga kura. Chai yake nilikuwa nampelekea huko huko."

Wote wakacheka, isipokuwa Nada.

Wanaosema ndiyo waliinua mikono: Hamdun, Huda, Bibi. Watatu. Wanaosema la: Faris na Anas. Macho yote yakamgeukia Nada.

Nani angemsuka asubuhi? Nani angemsubiri kwenye geti la shule, na tende mbili mfukoni? Lakini yeye alikuwa nani hata amzuie mtu asiwe mkubwa? Kanuni aliijua. Asubuhi ile ile, akimsuka, Rosebellah alimwambia mara mbili: "Kura zikifungana, Nada, hoja imeanguka. Usisahau." Nada alielewa kwamba anaombwa awe mwangalifu.

Alimtazama Spika. Uso ulikuwa kama ukuta. Midomo tu ndiyo ilikuwa imebanwa sana.

"La," Nada alisema, kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwingine.

"Tatu kwa tatu." Sauti ya Spika ilitetemeka. "Hoja imeanguka. Kikao kimeahirishwa." Alikusanya sahani harakaharaka, akajifunika uso kwa kanga, akakimbilia jikoni.

"Umemmaliza," Anas akamnong'oneza Nada, kana kwamba yeye hakupiga kura ile ile.

"Na hata nikitia saini sasa hatokubali," Hamdun alisema kwa huzuni. "Mtu wa kanuni yule."

Nada alizihesabu tena kura kwa vidole. Mwishowe akainuka. Angemwambia amebadili mawazo. Lazima kuwe na kanuni ya mtu aliyekosea. Akapangusa machozi, akanyata mpaka mlango wa jikoni uliokuwa wazi nusu.

"Magdaline, dadangu, kafili amekataa," Rosebellah alikuwa akisema. "Amekataa katakata. Aki nimelia mpaka macho yamevimba. Waambie watu wa chama watafute mtu mwingine, mimi nimefungwa huku."

Sauti ilikuwa ya matanga kabisa. Lakini simu ilikuwa imelazwa kando ya kopo la sukari, na Mheshimiwa Spika, mikono juu, alikuwa akiizunguka meza kwa kucheza, kiuno kikienda kushoto, kikirudi kulia.