Kikombe Kisicho na Jani

Zama zile majani yalipojulikana kwa harufu kabla ya majina, Bi Pimbi ndiye aliyewachanganyia chai wagonjwa wote wa mlimani. Hakugusa jani kabla ya kumuuliza mgonjwa alikula nini na alilalaje. Nyani, fundi wa kuiga, alimchungulia siku saba akiifuata mikono yake tu: mchaichai, tangawizi, kivumbasi. Siku ya nane akainjika chungu chake ng'ambo ya pili ya mlima, akatangaza, "Chai ni ile ile, na kwangu hakuna maswali!"

Wa kwanza kufika alikuwa Nyati, tumbo limemvimba. Akanywa chungu kizima, na tumbo likazidi kukaza kama ngoma. Kwa hasira akamswaga Nyani kwa pembe mpaka kwa Bi Pimbi.

"Umekula nini, Bwana Nyati?" Bi Pimbi aliuliza, wala hakuwa na haraka.

"Kunde mbichi. Shamba zima."

Bi Pimbi akayatazama majani yake, aliyoyachuma mwenyewe na kuyaanika kivulini, kisha akayafunika. Akamimina maji ya moto matupu. "Kunywa, halafu uzunguke mlima polepole."

Mzunguko wa pili Nyati alicheua mpaka ndege wakaruka mitini. Tumbo likashuka.

Nyani akabetua midomo. "Maji matupu! Hata mimi ningeweza."

Bi Pimbi akainua kidevu.

"Ungeweza, ndugu yangu," alisema. "Mbona hukumpa?"