Mgeni Ataje Mwenyewe

"Jina la mwanafunzi?" askari aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Dama akainamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu.

Mwanafunzi mwenyewe alimjua sana, alimzaa yeye. Angeweza kueleza kovu lililo chini ya goti lake la kushoto na ng'ombe aliyelisababisha. Lakini kulitaja jina lake, hapana. Kijana alipewa jina la babu mzaa baba, kama ilivyo ada ya Waduruma, na mke aliyefundwa akafundika hamtaji mkwewe. Jina la pili ni la mume, nalo vilevile halitajwi. Kwa miaka ishirini Dama alimwita mwanawe "Mzee", na mtoto akaitika.

"Nimemfuata Mzee," alisema.

"Hapa hakuna wazee, mama. Hiki ni chuo cha walimu."

Askari Waziri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mdigo wa Msambweni, mtu wa makamo mwenye adabu zake, na alimwambia waziwazi kwamba hata mamake alikufa bila kumtaja mkwe. Ila wezi walikuwa wameingia chuoni mwishoni mwa mwaka jana wakabeba taipureta mbili, na mkuu mpya akazungushia kilima chote seng'enge. Akaacha lango moja tu, na langoni akatundika ubao wa sheria.

Waziri alizisema bila kuutazama ubao. Mgeni atataja kwa kinywa chake jina la mwanafunzi anayemtaka. Mwanafunzi hatatoka nje, hata siku za likizo fupi, ila akiwa amefiwa na baba au mama, au mmoja wao ni mahututi. Kila anayetoka ataandikwa daftarini pamoja na sababu yake.

Uhuru ulikuwa na mwaka wa pili. Dama alidhani malango ya namna hii yalipanda meli pamoja na Wazungu, kumbe yaliachwa na funguo zake.

Mwanamkuu, aliyeuza mihogo ya kukaanga nje ya seng'enge, alimwonea huruma. "Mgeni njoo mwenyeji apone, nanyi mwamsimamisha juani! Shoga, ngoja nikubahatishie. Ni Karisa? Ni Kombe?"

"Hapana kubahatisha!" Waziri alikemea. "Hata wale wezi waliingia kwa jina la mwanafunzi walilotajiwa na mtu wa nje. Mgeni ataje mwenyewe. Sheria ni msumeno, bibi, ukinikata mimi hutanilisha kwa mihogo yako."

Dama alikuwa ametoka nyumbani jogoo la kwanza. Mumewe hakuwa ametia chakula kinywani tangu Jumatatu, na maji alinyweshwa kwa kijiko. Sauti ilikuwa imebaki ya neno moja moja, na maneno yote yalikuwa ya kumwulizia kifunguamimba wake. Alitaka amwone, amshike kichwa, ampe radhi yake kabla ya kufumba macho. Nduguye mume alikuwa Vanga, watoto wengine ni wadogo, kwa hiyo akaja yeye.

Miezi tisa kijana hakuwa ametia mguu nyumbani, wala hakuleta barua. Mgonjwa alikuwa ameanza kusema kwamba mtoto amewatupa. Hilo lilimuuma Dama kuliko hata ugonjwa wenyewe. "Si yeye, ni chuo," alimjibu kila mara. "Wamefungiwa. Angepata mwanya hata wa siku moja angekuja mbio." Sasa seng'enge aliiona kwa macho yake, na katikati ya dhiki yote ile alijisikia nafuu kidogo. Mwanawe hakuwa na kosa.

"Babake yu mahututi, bwana. Asipotoka leo, hatamkuta hai," alimwambia Waziri.

"Mahututi yatosha, mama. Taja jina tu. Namtoa darasani sasa hivi, na ruhusa namwandikia mimi mwenyewe."

Dama aliketi chini. Kwao ilijulikana kwamba mwanamke akimtaja mkwe, koma, mizimu ya wazee waliokufa, hukasirika, na hasira hiyo haichagui wa kumpata. Aliwaza watoto waliobaki nyumbani. Akamwaza mumewe akigeuza shingo mlangoni kila aliposikia hatua. Mkwe alikufa zamani, na mume alikuwa bado anapumua. Mpaka kengele ya saa sita ilipolia, alikuwa amekwisha kuchagua.

Akasimama, akaziba mdomo kwa pindo la leso. Waziri, kwa heshima, akageuka upande wa seng'enge. Mwanamkuu akatia vidole masikioni.

"Mwero," Dama akasema. Kisha akalimalizia lililobaki. "Mwero wa Mwinga."

Machozi yalimtoka papo hapo. Aliona aibu, kama amevuliwa nguo mbele za watu. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na sasa angalau mwanawe angeletwa.

"Pole, mama. Umefanya la mzazi," Waziri alisema. Akalamba kidole, akafunua daftari. Kidole kikashuka na majina, kikasimama. Akafunua ukurasa mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Mwero Mwinga," akasoma polepole. "Alitoka mwezi wa tatu, siku nne, kwenda kumzika baba yake. Akatoka tena mwezi wa saba, siku nne, kumzika mama."

Akainua macho kutoka daftarini.

"Basi wewe, mama, ni nani wake?"