Friji Iliyochomolewa

Siwema aliporudi kutoka matangani, uvundo ulimpokea mlangoni. Alifungua friji, taa haikuwaka. Ndani ya bakuli, samaki wa kupaka, pishi la mwisho la marehemu mama yake, walikuwa wamegeuka uji wa kijani unaotoa mapovu. Alikimbilia uani akatapika, kisha akarudi ndani.

"Niliichomoa," alisema mumewe, Makame, akipiga pasi kanzu yake sebuleni. "Friji inakula umeme usiku na mchana, na wewe hukuwepo."

"Nilikuomba unitunzie chakula kile, Makame. Nilikwambia ni cha mama."

"Samaki wamejaa sokoni."

Bafuni hita ilikuwa ikinguruma, ikimchemshia Makame maji ya kuoga, na nje jua lilikuwa kali.

"Hita yako na hiyo pasi zinakula umeme kuliko friji," Siwema alisema taratibu.

"Mimi lazima nioge, nivae nikaonekane mtu. Sasa safisha huko, harufu inaingia kwenye kanzu."

Kichefuchefu kilimrudia, na safari hii hakikutoka kwa samaki. Aliutazama mkono ule laini ukilainisha kola, akakumbuka kwamba umewahi kumshika shavu, akajifuta shavu kwa kiganja.

Hakusafisha. Alilifunika bakuli kwa kanga yake ya msibani, akalibeba kwa mikono miwili, akashika njia iendayo kwao. Majirani waliokuwa barazani waliziba pua wakampisha. Nzi walimfuata mpaka alipokata kona.