Mpini wa Mti

Zamda alikizungusha kikaangio cha kahawa kwa mkono, pipa lake likazunguka bila kukwaruza. Cha bati alikuwa ameshakikataa. Cha namna hiyo kilimtobokea nyumbani kabla ya mwaka.

"Hiki cha chuma watakirithi wajukuu zako," fundi alimwambia. Walikuwa kwenye karakana yake, nyuma ya soko la Korogwe. "Lakini mama, mzee wako si alichukua kama hiki mwezi uliopita? Kwani hakitoshi? Tena alitaka nimwekee mpini wa mti, eti mama asiungue mkono."

Nyumbani kwa Zamda hakikufika kikaangio chochote. Kilikwenda Kang'ata, kwa mke mwenzie, yule ambaye mume haachi kuisifu kahawa yake.

Alikifungua kiganja chake cha kulia. Kovu la moto lilikikata katikati, jeusi, ngozi imejikunja pembeni. Miaka kumi na minne ya kumkaangia.

"Na hiki nikiwekee mti?" fundi akauliza.

"Acha chuma kitupu," Zamda akasema. "Kuanzia leo mzee atakaanga mwenyewe."